Nakala Saba za Jarida Moja

Niseme mapema ili tusichoshane: mimi Kasiana ni mtu wa kushuku. Nimezaliwa Namtumbo kwenye mashamba ya tumbaku, na aliyekua akitazama mizani ya wanunuzi wa tumbaku hajifunzi kuamini watu. Mume wangu Leodegari hunitania kwamba hata malaika akija na habari njema nitamwuliza kwanza ametumwa na nani. Haya, ni kweli. Lakini kwa habari ya shemeji yangu Fulgence, mtaa wetu mzima wa Bombambili, hapa Songea, ulishuku, siyo mimi peke yangu, ingawa lililotokea nalibeba mimi.

Fulgence ni kaka mkubwa wa mume wangu. Miaka thelathini na moja alifanya kazi kwa wapima ardhi, naye hakuwa mpima, alikuwa mshika mnyororo. Mpima anasimama kivulini na darubini yake ya miguu mitatu. Fulgence anatangulia porini na panga, anafyeka, anaburuta mnyororo wa chuma, anachomeka fimbo, anapigiwa kelele kwamba amekosea, anarudi, anachomeka upya. Mpaka leo akitembea anahesabu hatua. Ukimsalimia njiani haitikii mpaka amalize mia yake, na wasiomjua wanasema ana dharau. Alipostaafu mke wake alikuwa ameshafariki, mtoto hawakujaliwa, tukamchukua akae kwetu kwenye chumba cha uani. Tulimpokea kwa moyo mweupe, hilo nalo lijulikane.

Akaja na godoro moja na masanduku manne ya bati. Nikadhani nguo. Kumbe makaratasi matupu! Magazeti na majarida ya enzi za Mjerumani na Mwingereza, yaliyogeuka rangi ya chai ya rangi: ripoti za mabwana shauri, wale wakuu wa wilaya wa kikoloni, mvua imenyesha kiasi gani, nzige wamekula nini, simba wamekula nani, na katikati yake ramani za kukunja, ukizifungua zinalia kama majani makavu. Aliyapata kwa watoto wa makatekista waliofariki, kwa misheni wakisafisha stoo, na kwa wale wanaouza karatasi kuukuu za kufungia bidhaa sokoni.

Mimi nauza dagaa wa Nyasa, na karatasi hizo nazinunua pia. Siku moja nilikuwa nimemfungia mama mmoja dagaa wake vizuri, Fulgence akapita, akaona ile karatasi, akamkimbilia mteja wangu hadi barabarani. Akamwomba karatasi, akamwachia dagaa mikononi. Yule mama hajarudi kwangu hadi leo, nasikia ananunua kwa Monika wa kona.

Nilipogomba alicheka tu. "Mlamu," akaniambia, maana ndivyo tunavyoitana mashemeji huku kwetu, "dagaa wapo kila siku, hii haitachapwa tena." Kisha akaketi uani na brashi yake ya kunyolea ndevu, akaipanguza ile karatasi magamba ya dagaa, akaunganisha mpasuko kwa uji wa ngano, akaiweka chini ya jiwe la kusagia ikauke. Sikatai, alikuwa na mikono mizuri.

Na alipopata kitu kipya hakuweza kukaa nacho kimya. Alituita wote. Akatusomea jinsi bwana shauri fulani alivyolalamika kwamba watu wa Songea wakiitwa kazini wote huwa wagonjwa, wakiitwa ngomani wote huwa wazima. Tukacheka mpaka machozi. Ramani ndizo alizozipenda zaidi. Alizitazama muda mrefu, halafu akasema mara nyingi maneno yaleyale, kwamba ameburuta mnyororo nusu ya mkoa huu na jina lake haliko kwenye ramani hata moja, lakini Mjerumani wa zamani alikuwa anaandika pembeni jina la mtu aliyemwonyesha njia. Nilidhani anasikitika kwa ajili yake mwenyewe. Nilimwonea huruma, nikamwongezea ugali.

Mtaani hawakumwonea huruma. Unawajua watu: mzee akiwa na ramani ya Mjerumani, basi anajua Mjerumani alikozika mali. Walikuja wanaume watatu na sururu mpya kabisa, hata lebo haijatoka, wakitaka awaonyeshe mlima. Akawafukuza. Wakaanza kusema anataka kuchimba peke yake, na akina mama sokoni wakawa wananiuliza kwa sauti ya chini kama tumeshapata. Nikawajibu kwamba tukipata wataona, nitaacha kunuka dagaa. Mambo ya mali ya Mjerumani sikuyaamini. Nililoanza kulishuku mimi ni jingine.

Kulikuwa na jarida moja. La misheni, la Kijerumani, la mwaka 1907, jembamba, kwenye jalada lina picha ya kanisa lenye mnara mmoja. Hilo Fulgence hakutuitia. Mara ya kwanza nililiona likitoka kwenye gunia la karatasi zangu mwenyewe, akalichomoa, akaliingiza ndani ya koti, akaenda chumbani bila neno. Miezi baadaye nikaliona tena, na picha ileile, akishuka nalo kwenye basi kutoka Mbinga, limefichwa ndani ya gazeti la michezo. Mtu anayebishania bei ya kiberiti alilinunua la tatu bila kubisha, nilimsikia mwenyewe kwenye simu akisema nitatoa hiyohiyo, usimwonyeshe mwingine. Nikajiuliza, mwenye nakala moja ya jarida anataka ya pili ya nini? Na ya tatu?

Halafu akaja mgeni kutoka Dar es Salaam, mnunuzi wa vitu vya kale, ana gari safi na maneno laini. Akaangalia masanduku, akasifu, akanywa chai yangu. Mwisho akauliza kama mzee amewahi kuliona jarida fulani, akalitaja mwaka wake, akasema lina picha ya kanisa juu na ramani ya njia za huku kwetu ndani. Fulgence akamtazama usoni akasema hajawahi kuliona. Hajawahi! Na mimi nimesimama hapo na birika mkononi, najua chumbani yako yasiyopungua matatu. Nikaingia ndani nikakaa, nikajisemea kikulacho ki nguoni mwako.

Sasa nieleze habari ya jina, maana humo ndimo mambo yote yalimoingilia.

Ukoo wa mume wangu una babu wa kujivunia, Lihanjala. Aliishi wakati wa Majimaji, na sote tuliambiwa alikuwa kiongozi. Aliyetuambia ni shangazi Benigna, binti yake wa mwisho, aliyezaliwa uzeeni kwake. Yuko hai, anakaribia miaka mia, anakaa kwenye shamba la ukoo kule Maposeni. "Baba yangu alikuwa kiongozi wakati wa vita," ndivyo anavyosema siku zote, na hasemi zaidi. Zaidi walisema wengine. Mume wangu akampa mkuki. Baba yake alikuwa ameshampa ngao. Romanus, mwanangu, alipokuwa shule ya msingi alisimama mbele ya wanafunzi wote akaeleza jinsi babu alivyokataa kuwaonyesha Wajerumani mahali watu walipoficha chakula, na alishangiliwa. Kila Februari, siku ya kuwakumbuka mashujaa, Leodegari anajifunga shuka anakwenda kusimama na wazee. Fulgence haendi. Kila Februari mguu unamuuma.

Romanus alipopata mtoto wa kiume, hakuna aliyejiuliza jina. Mtoto angeitwa Lihanjala. Na katika ukoo huu jina haliendi peke yake: anayelibeba jina la babu ndiye anayetazamwa kwa lile shamba la Maposeni, ekari zenye udongo mweusi mpaka mtoni. Mjukuu wangu wa kwanza! Mniambie ni bibi gani asingelitaka. Mkwe wangu Agape ni mwalimu, mtu wa Singida, mambo ya ukoo wetu hakuyajua sana, akasema jina zuri, lina uzito.

Tukakaa kupanga siku. Wote tukafurahi isipokuwa Fulgence. Aliinamisha kichwa, akasema, "Jina hilo liacheni lipumzike." Leodegari akamwuliza kwa nini. Akasema tu tumpe mtoto jina la mtakatifu, watakatifu wapo wengi. Akasukuma kiti akaenda chumbani kwake, na tukasikia anafunga kwa komeo.

Hapo mimi nikapandwa na hasira. Usiku kucha nikaunganisha, na ikaungana bila pengo. Hana mtoto, kwa hiyo shamba halitakwenda kwake. Ramani ni ya huku kwetu. Jarida analificha, anawadanganya wanunuzi, anakusanya kila nakala asije mwingine akaipata. Basi kwenye ile ramani kuna mpaka wa shamba, au kuna jina la mwenye shamba, na huyu mzee tunayemlisha anangoja siku ya kuliuza kwa mtu wa Dar. Nilimwambia Leodegari. Akaniambia nimnyamazie kaka yake. Nikanyamaza kwa mdomo.

Wiki ya kumtaja mtoto, Fulgence akasafiri kwenda Mbesa, huko Tunduru, kwa familia iliyokuwa na sanduku la marehemu mkatekista. Koti lake la kazi alilisahau kwenye kamba ya nguo. Nikalitoa ili nilifue, na hilo ni kweli, nilitaka kulifua. Mfukoni kulikuwa na ufunguo.

Mchana kweupe nikafungua sanduku. Juu ripoti za mvua, katikati magazeti ya Mwingereza, na chini kabisa, ndani ya kipande cha chandarua, nakala saba. Saba za jarida lilelile, kanisa na mnara, kanisa na mnara. Katikati ya kila moja ilikuwepo ramani ndogo ya kukunja. Kijerumani sikijui, lakini mto wetu niliutambua, na vilima vya nyuma ya Maposeni, na mstari wa vidotidoti mwekundu unaotoka bomani kuelekea huko. Chini pembeni, kwa herufi ndogo: Führer Lihandschala. Mjerumani ameandika kama mtu anayepiga chafya, lakini jina ni jina. Lihanjala! Babu yetu, limechapwa, kwenye ramani, Ulaya! Na shemeji yangu amelifungia kwenye chandarua.

Nikachukua moja. Nyingine nikazirudisha vilevile, koti nikalianika. Leodegari sikumwambia, angenizuia. Nilitaka Fulgence aulizwe mbele ya watu, na akose pa kutokea.

Jumapili tulikuwa Maposeni. Kuku, ugali, mboga za maboga, togwa kwa wasiokunywa na komoni kwa wanaokunywa. Shangazi Benigna amewekewa mkeka karibu na ghala. Mzee Egidi, jirani anayepakana nasi kwa juu, aliombwa ampakate mtoto wakati jina linatajwa, kwa sababu koo hizi mbili zimeishi pamoja tangu zamani na tulitaka heshima iwe kamili. Agape alimwalika rafiki yake Sista Imaculata, muuguzi, aliyesoma Ujerumani miaka sita. Nilipomwona Sista nikasema moyoni, Mungu hupanga. Fulgence alifika kwa bodaboda moja kwa moja kutoka stendi, vumbi la Tunduru bado mabegani, akamwamkia shangazi, akaketi mwisho wa benchi.

Kabla jina halijatajwa nikasimama. Nikasema kuna zawadi ya mtoto. Nikatoa jarida chini ya khanga.

Fulgence aliinuka. Sijawahi kumwona ameinuka haraka vile. "Mlamu, rudisha hiyo."

"Nirudishe nini?" nikamjibu. "Jina la babu yako unalifungia sandukuni kama nyama ya wizi, unataka nirudishe. Watu wasikie leo."

Akanyoosha mkono. Leodegari akaniita kwa sauti ya kunionya. Sikugeuka. Nikampa Sista, nikamwonyesha pale pembeni, nikamwambia atusomee. Fulgence akatazama mlango wa ua, nikadhani atakimbia, lakini akaketi tena, akaweka viganja viwili juu ya magoti.

Sista akasoma taratibu, akatafsiri. Ni ramani ya njia ya kikosi, akasema, na hapa wameandika kiongozi Lihanjala.

Kiongozi! Wajerumani wenyewe wamekiri! Nilipiga kigelegele mimi wa kwanza, wanawake wakanipokea, Leodegari akasimama akampa mkono Romanus, na Mzee Egidi akamwinua mtoto juu kidogo, anatabasamu. Nilimgeukia Fulgence nimwone anavyoaibika. Alikuwa amefumba macho.

Sista hakupiga kigelegele. Alisubiri tunyamaze, uso wake umebadilika, akasema neno hilo kwa Kijerumani lina maana mbili kama kwetu, na kwenye ramani huwa ni kiongozi wa njia. Yule anayetangulia kuwaonyesha askari pa kupita. Nikamwambia asome mbele basi, maana ukurasa wa nyuma ulikuwa umejaa maandishi. Agape alinivuta khanga. Nikamwambia Sista, soma.

Maandishi ya nyuma yalikuwa ya zile herufi za Kijerumani za zamani zenye mikwaruzo, siyo kama ya ramani, lakini Sista alikuwa ameyazoea kwenye vitabu vya sala vya masista wazee. Akasoma huku kidole kikifuata mstari. Kiongozi Lihanjala alitufikisha mapangoni asubuhi ya siku ya tatu. Chakula chote kilichokutwa humo kilichomwa.

Maposeni hakuna asiyejua kilichofuata baada ya chakula kuchomwa. Ukoo wa Mzee Egidi ulijificha kwenye vilima vile, waliingia wengi, walitoka wachache, na waliotoka walikuwa wamekula mizizi na ngozi. Hizo ni hadithi anazotusimulia yeye mwenyewe tukivuna pamoja. Alimtazama mtoto aliyempakata, akainuka, akampelekea Agape polepole, akamlaza mikononi mwake. Akachukua kofia yake. Akasema anashukuru kwa chakula, akaondoka kwa njia ya juu. Hakuna aliyepata ujasiri wa kumwita.

Leodegari alikuwa amesimama bado. Akamwuliza shangazi Benigna, taratibu, kama alijua.

Yule bibi hata hakutikisika. "Nilijua nini? Nimewaambia tangu mnanyonya. Baba yangu alikuwa kiongozi. Aliongoza njia. Sikusema alikuwa jemadari, mikuki na ngao mmeleta ninyi."

Jamani. Nilitamani ardhi ipasuke. Kumbe bibi hakutudanganya hata siku moja. Alitupa neno lenyewe, sisi tukachukua upande wenye utamu. Mume wangu aliketi chini, kwenye udongo, na suti yake.

Ndipo Fulgence akazungumza, akitazama viganja vyake. Alisema lile la kwanza alilitoa kwenye gunia langu la karatasi, miaka mitano iliyopita. Alikuwa na kamusi ndogo aliyoachiwa na Bruda mmoja Mjerumani alipokuwa mtoto akitumikia misa, na kwenye ramani, neno moja moja, akapata matatu: kiongozi, mapango, imechomwa. Mshika mnyororo hahitaji kuelezwa zaidi. Akajua zilichapwa nyingi, na kwamba nyumba nyingi za misheni na za makatekista huenda zinayo, na siku moja mtoto wa Egidi au wetu atasoma. Akaanza kuzitafuta ili zisiwepo. Mbinga, Lituhi, Mbesa. Hayo mengine yote, mvua na nzige na simba, aliyapenda kweli, lakini pia yalimsaidia watu wasijiulize anatafuta nini. Alitaka wafe wazee, jina lipumzike, mambo yaishe. Na maandishi ya nyuma hakuweza kuyasoma, na kumpelekea mtu amsomee kungekuwa kumwonyesha.

Nikataka kuomba radhi, nikaishia kuokota sahani. Mimi niliyekuwa na maneno tangu asubuhi.

Sista akasema bado kuna mistari miwili. Nikamwambia aache, imetosha. Agape akasema, "Soma, Sista."

Akasoma. Mke wa kiongozi na watoto wake watatu, mmoja angali ananyonya, waliokuwa wamezuiliwa bomani mpaka kikosi kirudi, waliachiwa kama alivyoahidiwa.

Watoto watatu wa Lihanjala kabla ya Benigna tunawajua kwa majina. Yule wa kunyonya ndiye baba mkwe wangu, baba yake Fulgence na Leodegari. Nilimwosha mimi siku alipofariki.

Agape alimbadilisha mtoto mkono akamweka begani. Yeye si wa huku, hana babu kwenye vilima vile upande wowote. Alisema kwa utulivu tu, kama anayewaambia wanafunzi wafungue madaftari. "Wangemshika huyu wangu, mimi ningewaonyesha njia, na ningetangulia mbele." Kisha akamwambia Romanus jina ni hilohilo, asitafute jingine.

Na jina likatajwa, bila kigelegele. Padri ameliandika pamoja na la ubatizo. Mzee Egidi tukikutana naye shambani anapita upande wa pili wa mahindi, na sina haki ya kumlaumu. Nilikwenda kwake mara mbili na kuku. Mara zote alikuwa hayupo, na kuku nimerudi naye. Leodegari ananiongelesha yanayohusu chakula na kodi ya meza. Februari iliyopita shuka lilibaki kabatini.

Lakini siku ile, watu walipokuwa wakiaga kimya kimya na vyombo vikikusanywa na ugali mwingi umebaki, nilimwona Fulgence amemfuata Sista Imaculata pale kwenye ghala, jarida mkononi. Alimwomba amsomee tena, siyo yote, pale tu penye watoto. Sista akasoma. Fulgence akauliza kama Mjerumani ameandika watatu, kama ameandika kunyonya, na neno lenyewe liko wapi. Sista akamwonyesha. Akaweka kidole chake kikavu hapo, akaomba tena, na mara ya tatu alikuwa anayatamka naye, Kijerumani, akikosea.

Kisha akaniona nimesimama na sufuria. Sikujua nifanye nini na uso wangu. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Saba ndizo nilizokuwa sijaamua," akasema. "Nyingine nne nilishazichoma, mlamu."